Kupanda Brocken kwa Treni ya Mvuke: Mwongozo Kamili wa Safari ya Milima ya Harz

Ukiishi Ujerumani, au ukiwa na ndugu huko unayekwenda kumtembelea, ipo safari moja ya reli ninayoitanguliza mbele ya nyingine zote: kupanda mlima Brocken kwa treni ya mvuke, kuanzia mji wa Wernigerode kwenye milima ya Harz. Treni hizi hutembea kwa ratiba mwaka mzima, jua liwake au theluji ianguke, zikivutwa na vichwa vinavyochoma makaa ya mawe na kujazwa maji njiani. Ni kilomita 34 za kupanda tu, kona juu ya kona, msituni, kwa muda unaokaribia saa mbili kasoro robo.

Watu wengi huichukulia treni hii kama lifti ya kuwafikisha kileleni. Hupandia stesheni iliyo karibu zaidi na mlima, hukaa ndani na simu zao, kisha hulaumu ukungu wakifika juu. Ushauri wote ulioko hapa unatokana na msimamo mmoja: unacholipia ni njia, na kilele ni nyongeza. Panga siku yako kwa kufuata hilo, na hata mlima ukijifunika gubigubi hutarudi umenuna.

Ijue reli kabla ya kuipanda

Shirika linaloendesha treni hizi linaitwa Harzer Schmalspurbahnen, kwa kifupi HSB. Lina mtandao wa kilomita 140 wenye njia tatu zinazoungana. Ya kwanza inakatiza milima kutoka Wernigerode upande wa kaskazini hadi Nordhausen kusini. Ya pili ni ya bonde la mto Selke, ambayo nitaigusia mwishoni. Ya tatu ndiyo yetu: inachepuka kwenye stesheni ya Drei Annen Hohne na kupanda kilomita 19 hadi Brocken.

Upana kati ya chuma na chuma ni mita moja. Aliyewahi kusafiri kwa Reli ya Kati kwenda Kigoma, au kwa treni ya zamani kutoka Mombasa kwenda Kisumu, ameshakaa juu ya upana huo huo. Hata miaka inashabihiana: Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, na katikati ya kipindi hicho, mwaka 1898, reli ya Harz ikafika Brocken. Sababu ya kuchagua reli nyembamba milimani ni kwamba inakunja kona kwa urahisi. Huku Harz kuna kona zenye nusu kipenyo cha mita 60 tu, na reli pana ingehitaji madaraja na mahandaki mengi kupita mahali hapo. Hii imepita na handaki moja fupi kwenye njia nzima utakayosafiria.

Vichwa vingi utakavyoviona vilijengwa kati ya 1954 na 1956 kwenye kiwanda cha Babelsberg, Ujerumani Mashariki. Vilitengenezwa 17 vya aina hiyo, vyenye namba zinazoanzia 99 7231 hadi 99 7247. Kila kimoja kina jozi tano za magurudumu makubwa yaliyounganishwa kwa vyuma, hubeba tani 4 za makaa na lita 8,000 za maji, na mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 40 kwa saa. Kumbuka pia kwamba hakuna meno katikati ya reli ya kusaidia kupanda. Pale penye mwinuko mkali zaidi njia huinuka mita moja kila mita 30, na kinachozuia treni kurudi nyuma ni uzito wa kichwa chenyewe, pamoja na mchanga unaomwagwa juu ya chuma kikiwa na umande.

Kuchagua siku

Kilele cha Brocken kina urefu wa mita 1,141. Kwa mtu wa Moshi au Nyeri hicho si kimo cha kumtisha, na hapo ndipo wageni kutoka kwetu wanapodanganyika. Lushoto iko takriban mita 1,400 na imejaa miti na mashamba ya mboga, lakini kilele cha Brocken hakioti mti wa maana kwa sababu ya upepo na baridi. Kituo cha hali ya hewa kilichoko huko kilipima upepo wa kilomita 263 kwa saa tarehe 24 Novemba 1984. Mwaka 1970 theluji ililala hadi sentimita 380. Siku zenye ukungu ni takriban 300 kwa mwaka, ingawa nyingi kati ya hizo hupata saa chache za uwazi.

Mimi hupendekeza miezi miwili. Wa kwanza ni Oktoba, majani ya miti ya mabondeni yanapogeuka rangi na hewa inapopoa kiasi cha kuufanya mvuke uonekane mweupe na mzito. Wa pili ni Februari, theluji ikiwa imetulia. Kisayansi ni jambo jepesi: mvuke ukikutana na hewa baridi hugeuka matone madogo na kuwa wingu, na kwenye joto la Julai hupotea mara tu unapotoka bombani. Kwa hiyo wanaokwenda majira ya joto hupata jua na treni nyingi, lakini wingu la mvuke hupungua sana. Februari nayo ina hatari yake, kwani dhoruba ikiwa kubwa treni huishia kwenye stesheni za chini ya kilele, Schierke au Drei Annen Hohne, na hakuna wa kubishana naye.

Julai na Agosti zina tatizo jingine siku hizi, nalo ni moto. Ukame ukizidi, vichwa vya mvuke huweza kupumzishwa na treni zikavutwa na dizeli, kwa sababu cheche moja inatosha kuwasha msitu uliokauka. Kama umevuka nusu ya nchi kwa ajili ya mvuke, angalia matangazo kwenye tovuti ya HSB jioni ya kuamkia safari. Ratiba zao pia huweka alama ndogo ya kichwa cha mvuke kwenye treni husika. Alama hiyo ni muhimu zaidi kwenye njia ya kwenda Nordhausen, ambako safari kadhaa hufanywa na mabehewa ya dizeli. Kilele kina kamera zinazoonyesha hali ya hewa moja kwa moja kwenye intaneti. Zitazame asubuhi kabla hujavaa, ujue uvae nini.

Wikiendi na sikukuu za Wajerumani ziepuke ukiweza. Jumanne au Jumatano ya kawaida utapata nafasi ya kusimama nje, na utaona baadaye kwa nini nalisisitiza hilo.

Kufika Wernigerode

Kutoka Hannover, treni za mkoa hukupitisha Goslar na kukufikisha Wernigerode kwa takriban saa mbili. Kutoka Berlin, njia ya kawaida ni kwenda Magdeburg, kubadilisha kuelekea Halberstadt, na hapo kubadilisha tena. Mwishoni mwa wiki ipo treni inayotoka Berlin hadi Harz bila kubadilisha, lakini hugawanyika Halberstadt: mabehewa ya upande mmoja huenda Thale, ya upande mwingine huenda Wernigerode na Goslar. Soma kibao cha mlangoni kabla ya kukaa, au muulize kondakta, la sivyo utajikuta Thale ukitazama mlima mwingine.

Wenye tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, watafika nayo Wernigerode kwa treni hizo za mikoa bila kulipa zaidi. Ila haikupandishi Brocken. Hilo huwashangaza wengi dirishani, basi lijue mapema.

Kama mfuko unaruhusu, lala Wernigerode usiku mmoja kabla. Mji ni mzuri, una nyumba za mbao na udongo zilizopakwa rangi na ngome juu ya kilima, lakini sababu yangu hasa ni asubuhi. Karakana ya vichwa iko pembeni mwa stesheni, na kuna sehemu ya kutazamia iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Kabla ya treni ya kwanza utaona vichwa vikitolewa kimoja kimoja, majivu yakikung'utwa, makaa yakipakiwa na mafundi wakizunguka na kopo la mafuta wakilainisha viungo. Kichwa cha mvuke hakiwashwi kwa ufunguo. Maji yake huchukua saa nyingi kupata moto wa kutosha, kwa hiyo wakati wewe unakunywa chai, wao wako kazini tangu usiku. Kutazama hapo hakuhitaji tiketi ya treni.

Tiketi

Nauli ya Brocken ni moja, uwe umepandia Wernigerode, Drei Annen Hohne au Schierke. Kwa mtu mzima, kwenda na kurudi, weka akilini zaidi ya euro 50. Bei hupanda mara kwa mara, kwa hiyo thibitisha kabla. Watoto wana nafuu yao na ipo tiketi ya familia, na ukiwa na wanao uliza hiyo kwanza.

Kwa kuwa bei haibadiliki, kupandia Schierke ni kujinyima zaidi ya nusu ya safari kwa pesa ile ile. Wenye magari hufanya hivyo kwa sababu ya maegesho, nami siwafichi kwamba wanapunjika. Sehemu ya kwanza, kutoka mjini hadi Drei Annen Hohne, ndiyo yenye kona kali, bonde lenye miti mingi na lile handaki. Panda mwanzo wa njia.

Tiketi ya kwenda tu ipo pia, na inawafaa wanaotaka kushuka kwa miguu. Kwa msafiri wa kawaida hakuna kuwekewa kiti: tiketi inakupa haki ya kupanda, kiti unakitafuta mwenyewe. Ndiyo maana nasema chukua treni ya kwanza ya asubuhi. Fika stesheni nusu saa kabla ikiwa ni majira ya joto. Anayetumia kiti cha magurudumu awasiliane na HSB siku chache kabla, kwa kuwa yapo mabehewa yenye lifti lakini hayafungwi kwenye kila treni.

Mavazi na mkoba

Vaa kama unayekwenda mahali penye baridi ya nyuzi kumi zaidi ya mjini, hata kama Wernigerode kuna jua. Koti la kuzuia upepo ni la lazima mwaka mzima. Ukipanga kusimama nje ya behewa ongeza kofia inayobana, glavu na miwani, hata ya jua, kwani bomba hutupa chembe za makaa na zikiingia jichoni utalia njia nzima. Shungi jeupe, kanzu au koti la rangi hafifu liache hotelini, maana masizi hayachagui. Mwenye pumu akae behewa la nyuma kabisa, ndani, madirisha yamefungwa, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni badala ya kuwa begini.

Beba maji na chakula kidogo. Ndani ya treni na kileleni vipo vya kuuzwa, lakini kwa Mwislamu kuna mawili ya kujua. Chupa ndogo nyekundu zinazopitishwa behewani ni pombe ya mimea iliyobuniwa Schierke, usidhani ni sharubati. Na supu ya njegere inayosifiwa kileleni kwa kawaida huja na soseji, na mara nyingi ni ya nguruwe. Uliza kabla ya kupokea sahani. Viazi, keki na kahawa vipo vya kukutosha.

Mahali pa kukaa, na mahali pa kusimama

Mabehewa ni ya kizamani, kila moja lina kibaraza cha wazi kwenye ncha zake mbili, chenye vyuma vya kushikilia. Abiria wanaruhusiwa kusimama hapo treni ikitembea. Hicho kibaraza ndicho kiti bora kuliko vyote.

Kibaraza cha mbele kabisa, nyuma ya kichwa, ni cha sauti. Utasikia kila pumzi ya injini, na mwinuko ukizidi utasikia pumzi hizo zikitengana na kuwa nzito, moja, moja, hadi kifuani. Pia ndicho chenye masizi mengi. Kibaraza cha nyuma kabisa ni cha macho: kwenye kona utaiona treni nzima imejipinda mbele yako, kichwa kikiwa karibu kugeuka kukutazama. Ushauri wangu ni kuanza nyuma hadi Drei Annen Hohne, na ikipatikana nafasi kusogea mbele kwa kipande cha mwisho. Ukiamua kukaa ndani, chagua upande wa kushoto wa mwelekeo wa treni. Baada ya Schierke mlima unabaki kulia na mandhari yanafunguka kushoto karibu muda wote.

Shika chuma kwa mkono mmoja wakati wote. Usitoe kichwa wala simu nje ya mstari wa behewa, maana miamba na matawi hupita karibu sana. Mtoto mdogo asimame katikati yako na ukuta wa behewa, kamwe si upande wa ngazi.

Kipande kwa kipande

Treni hutoka stesheni kuu ya Wernigerode, mita 234 juu ya usawa wa bahari, na kwa dakika chache huwa kama imo barabarani, ikipita nyuma ya nyumba za watu na kukatiza njia za magari huku ikipiga honi. Baada ya Hasserode nyumba zinaisha. Kuanzia Steinerne Renne mwinuko unakaza, na treni inaingia kwenye bonde jembamba ambako inajikunja kushoto na kulia bila kupumzika. Hapa simama nje. Handaki likikaribia, fumba mdomo na ugeuze uso: ni fupi lakini moshi wote hubaki ndani yake.

Drei Annen Hohne ni mita 542. Hapa treni husimama, mara nyingi dakika kumi au zaidi, na abiria wengi hubaki vitini wakidhani ni kusubiri treni nyingine. Shuka uende mbele. Mchochea moto hupanda juu ya tangi, hufungua kifuniko, huvuta mkono wa bomba la maji mpaka uelekee tunduni, kisha hufungulia. Maji hushuka kwa mngurumo, na baridi ikiwa kali utaona barafu imening'inia kwenye bomba. Wakati huo dereva huzunguka na kuweka kiganja chake kwenye vikombe vya magurudumu, kimoja baada ya kingine. Kikiwa cha moto kupita kiasi, mafuta yamepungua. Kisha mchochea moto hurudi ndani na kufungua mlango wa tanuri, na mwanga wa rangi ya chungwa humpiga usoni. Koleo linaingia kwa mpangilio, pembeni kwanza, katikati mwisho, kwa sababu moto ukiwa na shimo upande mmoja hewa baridi hupenya na mvuke hushuka. Kipande kinachofuata hakitampa nafasi ya kurekebisha kosa. Wafanyakazi hawa huwa hawachukii kuulizwa maswali, ila usiwazuie njia. Honi fupi ikilia, rudi upesi.

Kutoka hapo mpaka Schierke, mita 688, ni msitu na mawe makubwa ya matale. Schierke ni stesheni ndogo ya mawe ambayo wakati wa Ujerumani Mashariki ilikuwa mwisho wa dunia: kijiji kilikuwa ndani ya ukanda wa mpaka, na aliyetaka kufika alihitaji kibali maalumu. Kuanzia Agosti 1961, ulipojengwa Ukuta wa Berlin, raia hawakuruhusiwa tena kupanda Brocken. Kilele kilizungushiwa ukuta wa zege na kukaliwa na wanajeshi, wakiwemo wa Urusi, na majasusi. Treni ziliendelea kupanda, lakini kupeleka makaa na mahitaji ya kijeshi.

Baada ya Schierke ndipo utakapoona kitu ambacho picha za matangazo hukificha. Miti iliyokufa imesimama kwa maelfu, mikavu, ya kijivu, mteremko baada ya mteremko. Ni misonobari ya jamii ya sprusi, ambayo zamani ilipandwa kwa wingi kwa ajili ya mbao na migodi ya milima hii. Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha, na mdudu mdogo anayetoboa magome akaimaliza. Kwa kuwa eneo ni hifadhi ya taifa, sehemu kubwa haikatwi wala kupandwa upya, imeachwa ijiendee. Nakusihi usigeuze uso. Tazama chini, kati ya magogo: miche ya miti ya majani mapana imeanza kujaa, na nyasi na maua yamepata jua lililokuwa halifiki ardhini. Unasafiri katikati ya msitu unaobadilika kuwa msitu mwingine, na hilo haliwahi kuonekana kwa uwazi hivi ukiwa kwenye kiti cha treni. Pia ndiyo sababu ya ule uangalifu wa moto niliousema, kwani Septemba 2022 na tena Septemba 2024 moto mkubwa uliwaka kwenye miteremko hii.

Njiani juu kuna mahali pa kupishana panapoitwa Goetheweg. Hakuna kupanda wala kushuka. Treni moja hujitenga kando, nyingine hupita. Ukiwa kwenye kibaraza, hapa ndipo utapata picha ya vichwa viwili vya mvuke kwa pamoja. Kutoka hapo reli inaanza kuuzunguka mlima kwa mzunguko mmoja na nusu, miti inafupika, inajikunja kwa upepo, kisha inakwisha. Stesheni ya Brocken iko mita 1,125.

Kileleni

Ukishuka, usikimbilie kilele kwanza. Baki kwenye jukwaa dakika tano utazame kichwa kinavyokatwa, kinavyopita reli ya pembeni na kuja kufungwa upande wa pili. Kitashuka kinyumenyume, bomba likiwa nyuma, kwa sababu hapa hakuna pa kukigeuzia. Wakati wa kupanda ni muhimu bomba liwe mbele, maana mwinuko husukuma maji ya birika la kichwa upande wa nyuma, na huko ndiko liliko tanuri linalotakiwa kufunikwa na maji muda wote.

Juu pana njia ya kuzunguka kilele isiyomaliza saa moja. Pana bustani ya mimea ya milimani iliyoanzishwa 1890, ambayo hufunguliwa miezi ya joto tu. Jengo lenye kuba, lililokuwa kituo cha kunasa mazungumzo ya Ujerumani Magharibi, sasa ni makumbusho yanayoitwa Brockenhaus, na kama ukungu umetanda ndiko kwa kwenda. Humo utaona habari za tarehe 3 Desemba 1989, siku raia walipopanda kwa miguu hadi lango la kambi wakidai lifunguliwe, na likafunguliwa. Treni ya abiria ilirudi kileleni tarehe 15 Septemba 1991. Wanajeshi wa mwisho wa Urusi waliondoka 1994.

Jua likiwa chini na ukungu uko chini yako, simama mgongo ukiwa umelielekea jua. Unaweza kuona kivuli chako kikubwa kimetupwa juu ya wingu, kichwa kikiwa na pete ya rangi. Wanasayansi wameliita jambo hilo kwa jina la mlima huu, ingawa wapandaji wa Kilimanjaro na Mlima Kenya nao hulikuta asubuhi.

Saa moja na nusu hadi mbili zinatosha. Zaidi ya hapo baridi hukutoa yenyewe.

Kushuka

Jambo la kwanza kufanya ukifika stesheni ya juu, kabla hata ya picha, ni kuangalia treni ya mwisho ya kushuka. Majira ya baridi huwa mapema kuliko unavyodhani. Treni za alasiri hujaa sana, kwa hiyo shuka na ile inayotangulia ya mwisho, hivyo ukikosa bado unayo moja.

Kwa miguu kuna njia mbili za kufika Schierke. Ya lami, iliyofungwa kwa magari binafsi, ni ndefu lakini salama, inafaa kwa watoto. Ile ya Eckerloch ni fupi, imejaa mawe na mizizi, na hukatiza reli. Ukipima muda vizuri utaiona treni ikipanda juu ya kichwa chako. Mvua ikinyesha iache. Viatu vya raba vyenye soli laini havifai hapo. Uliza pia kwenye kituo cha hifadhi kama iko wazi, kwa kuwa miti mikavu ikianguka njia hufungwa. Kutoka Schierke kuna basi la kurudi Wernigerode.

Ukiwa na siku ya pili

Nenda Quedlinburg, mji wa kale ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, upande treni ya bonde la Selke. Hii ndiyo kongwe kati ya njia zote tatu: kipande chake cha kwanza, kutoka Gernrode hadi Mägdesprung, kilifunguliwa 1887. Nauli iko chini sana ukilinganisha na Brocken, abiria ni wachache, na msitu wa huko ni wa miti ya majani mapana iliyo hai na ya kijani, na mto ukikatiza mara kwa mara chini ya madaraja madogo. Treni za mvuke huku ni chache kwa siku, basi ile alama ya kwenye ratiba iangalie mara mbili. Shuka Alexisbad, kula, tembea kando ya mto, kisha rudi na treni inayofuata. Mtu anayeogopa baridi na urefu wa Brocken, au mzee anayetaka mvuke bila msongamano, mpeleke huku moja kwa moja.